Mshahara wa Maman Ingénieur

Asubuhi moja niliamka Antwerpen, nikarudisha ufunguo wa chumba, nikapanda treni ya kwanza iliyosimama mbele yangu. Sikuwa na mpango. Nimeishi hivyo tangu nilipoacha shule Kigoma nikiwa kidato cha pili: nikichoka na mahali natoka, na sababu naitafuta njiani. Treni ilinishusha Brussels. Nikapanda basi, nikakaa mpaka mwisho wa safari yake, maana huko mwisho ndiko mji unakoacha kujipamba. Kituo hicho kilikuwa Evere.

Pale kituoni alisimama mwanamke wa miaka hamsini hivi, amekumbatia chungu cha maua kipana kuliko kifua chake. Mti uliokuwa ndani ulimpita kichwa. Simu ameibana kati ya sikio na bega, anaongea Kiswahili cha Katanga: "Mama, nitakuita kisha. Niko na mumea mu mikono."

Nikamsalimu. Alinitazama viatu kwanza, kisha uso.

"We ni wa wapi na hii Swahili ya kitabu?"

"Kigoma, mama."

"Bon. Mutanzania, kamata huku chini. Usiguse majani."

Tukaubeba pamoja. Njiani nikamuuliza ameununua bei gani, kwa sababu mimi huuliza bei ya kila kitu.

"Sikulipa kitu. Mwenyewe alikufa jana."

Nusura niuangushe. Yeye hakucheka. Aliniambia tu nipandishe upande wangu kidogo, mizizi inaumia.

Watu wa Matonge, mtaa wa Wakongo mjini Brussels, walimwita Maman Ingénieur, nami sikuwahi kumwita vinginevyo. Alikuwa ingénieur agronome, msomi wa mimea, mwenye shahada mbili: moja ya Lubumbashi, nyingine ya huku huku Ubelgiji. Kazi yake ilikuwa kuosha wazee, kuwalisha na kuwageuza kitandani, katika nyumba ya kutunzia wazee iliyokuwa mitaa mitatu kutoka kwake. Mzee akifa, watoto wake walikuja wakachukua televisheni, saa na picha za ukutani. Maua waliyaacha dirishani. Chumba kilitakiwa kiwe tupu kesho yake, kwa hiyo maua yalikwenda kwenye pipa la taka, isipokuwa kama Maman Ingénieur alikuwa zamu.

Nyumbani kwake nilihesabu vyungu sitini na kitu. Vilijaa madirishani, juu ya kabati, juu ya friji, mpaka chooni. Kila chungu kilichomekwa kijiti cha plastiki chenye mistari miwili ya kalamu: juu jina la mmea kwa Kilatini, chini namba ya chumba ulikotoka. Chambre 6. Chambre 22. Chambre 14 ilikuwa na vyungu vinne, na kila kimoja kilikuwa cha mtu tofauti.

Wakongo wenzake hawakupenda kuingia. Mama mmoja msusi, mwenye saluni pale Galerie, jengo la maduka la Matonge, alimwambia mbele yangu: "Maman Ingénieur, kwako ni matanga ya kila siku. Nitakunywa chai na nani, na bale bazungu bafu?"

"Utakunywa na mi. Bo beko kimya, habakatize muntu maneno kama we."

Saluni nzima ilicheka, na msusi akacheka kuliko wote. Lakini hakwenda.

Walimheshimu, na heshima yenyewe ilikuwa na meno kidogo. Walimletea mimea yao iliyonyauka, naye akaipindua majani, akachungulia upande wa chini kwa lenzi ndogo aliyoivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Walimletea pia nywele zao zinazokatika, na hapo alikasirika. "Mi si munganga! Mi najua magonjwa ya majani. We uko jani?" Dukani, penye mafungu ya sombe, yale majani ya muhogo, yaliyofika kwa ndege, alichukua fungu moja moja, akaliinua kwenye taa na kusoma madoa ya manjano kama mtu anayesoma barua. Muuzaji alichoka naye.

"Maman, unanunua ao unafanya examen?"

"Hii shamba iko na ugonjwa. Miaka miwili, haitatoa muhogo tena. Umwambie mwenye alikutumia."

"Mi nauza mboga, maman. Tia mu sufuria, ugonjwa itakufa."

Alinunua, akapika, akala. Ila alipomaliza kula aliandika barua pepe kwa mtu fulani wa kilimo kule kwao, akieleza madoa aliyoyaona. Nilimuuliza kama huwa wanamjibu. Aliniambia barua ya kumi na moja ndiyo hiyo, na kwamba hajaandika ili ajibiwe.

Hakupenda watu wanaoongea na maua. Alisema mmea hauna masikio, una kiu. Hakuimba, hakuomba dua juu ya udongo. Kila kitu kwake kilipimwa: maji kwa kikombe cha dawa chenye mistari, mwanga kwa kusogeza chungu upana wa kiganja, mbolea kwa ncha ya kisu. Na mtu akimletea jambo lolote lenye utata, ndoa, safari au ugomvi wa kanisani, alivuta kiti na kusema, "Alors, tupime."

Mimi nina ugonjwa wangu. Kwa kuwa sikusoma, kila msomi ninayekutana naye namuuliza: ulilipa nini, na ulipata nini? Wengi hunijibu kwa hasira, au kwa hadithi. Maman Ingénieur alikuwa wa kwanza kunijibu kwa hesabu. Alichukua karatasi ya menyu ya kantini yao, akaigeuza, akapiga mstari katikati.

Upande wa kushoto aliandika kilichotoka. Baba yake alikuwa amefanya kazi mgodini miaka mingi, na kampuni ilipowapunguza wafanyakazi ilimpa malipo yake ya mwisho, yale ambayo watu wa Katanga huyaita décompte final. Fedha yote ilikwenda kwenye masomo ya binti. Haikutosha. Kiwanja cha familia kikauzwa. Ikabaki nyumba moja tu, ya Katuba, mtaa wa Lubumbashi. Bado haikutosha. Shangazi wanne wakampa zamu zao za likelemba, ule mchezo wa akina mama wa kuchangiana na kupokezana. "Sasa ona," akasema, akigonga kalamu. "Benki, ukimaliza kulipa, umemaliza. Deni ya tantine haina mwisho. Ulisoma na zamu yake, donc utasomesha bana yake. Nilisomesha batano."

Upande wa kulia aliandika kilichoingia. Miezi kumi na minane katika maabara ya magonjwa ya migomba, mshahara mzuri, koti jeupe lenye jina lake kifuani. Kisha fedha za mradi zikaisha, na wote walioajiriwa na mradi wakatoka. Aliomba kazi nyingine kwa muda ambao hakutaka kuutaja. Kibali chake cha kukaa kilikuwa kinaisha. Akajiandikisha kozi fupi ya kutunza wazee, kwa kuwa huko watu walikuwa hawatoshi, na kabla hajamaliza alikuwa na kazi.

"Mwenye alifanya tu ile kozi, bila shahada, analipwa sawasawa na mi," alisema. "Hana deni ata moja."

"Kwa hiyo ulipoteza."

Alinitazama kana kwamba nimekanyaga kitu. "Nani amesema nilipoteza? Uliniuliza juu ya franga, nikakujibu juu ya franga."

Ndivyo alivyokuwa. Alimkataza kila mtu kusoma mimea, na siku zake za mapumziko alikaa maktaba kusoma majarida ya mimea. Yeye mwenyewe aliita kazi yake kuosha mavi, lakini mtu mwingine akithubutu kuiita hivyo alisimama na kuondoka. Alidhibiti kila senti, hakununua koti jipya miaka yote niliyomjua, na bado alinikopesha hela ya dawa ya jino bila kuniuliza nitarudisha lini.

Picha nilipiga mimi. Sina budi kuliandika hilo. Alikuwa ametoka kazini, bado na blauzi yake nyeupe ya kazi, amesimama kati ya vyungu na lenzi jichoni. Mama yake kule Katuba alikuwa ameomba picha kwa wiki nzima. Nikaipiga kwa simu yake, na ilitoka vizuri mno. Akaituma. Hazikupita dakika tano, kaka yake mkubwa akaandika: Ni mu laboratoire yako? Félicitations! Alidhani ile ni maabara, akampongeza.

Alikaa na simu mkononi. Nilimwona akiandika, akifuta, akiandika tena. Mwishoni alituma kile kidole gumba kilichosimama, peke yake.

"Hukudanganya," nilimwambia.

"Nyamaza, Mutanzania."

Picha ile ilitundikwa sebuleni Katuba. Binti wa kaka yake, wakati huo yuko sekondari, aliikuta pale kila alipokula. Akachagua agronomia. Miaka ikapita, mimi nikienda na kurudi; alisoma vizuri, akamaliza shahada ya kwanza Lubumbashi, akapata nafasi ya shahada ya pili Ubelgiji, masomo yale yale ya shangazi yake. Kaka akapiga simu kwa furaha. Alihitaji vitu viwili tu. Kwanza, auze nyumba ya Katuba, ile moja iliyobaki, ili kulipia masomo na fedha ya kuonyesha ubalozini. Hilo lilikuwa juu yake, mnunuzi yupo. Pili, mdhamini aliyeko Ubelgiji atie sahihi kwamba atambeba mwanafunzi, na aambatanishe karatasi zake za mshahara. Hilo lilikuwa juu ya Maman Ingénieur. Bila sahihi hakuna visa, na bila visa nyumba haiuzwi.

Karatasi ya mshahara inaandika kazi ya mtu. Yake iliandika mhudumu wa wazee.

Jumapili aliyoamua kuwaambia nilikuwepo, nimekuja kumsaidia kusogeza vyungu kutoka dirishani kabla ya baridi. Alisimamisha simu juu ya meza, akaiegemeza kwenye chupa ya mafuta. Kwenye kioo walijaa watu: kaka yake mbele, mama yake mzee kwenye kiti, binti nyuma amesimama, na wengine nisiowajua.

"Yaya," alianza, akimwita hivyo kaka yake mkubwa, "sitie sahihi. Ngoja nikuambie juu ya nini. Ile picha si laboratoire. Ni nyumba yangu. Mi nasafisha bazee. Kuko miaka mingi nasafisha bazee. Shahada iko mu valise, chini ya kitanda."

Mimi nilikuwa nimebeba chungu na sikujua pa kukiweka.

"Dada," kaka alisema mwishowe, taratibu. "Njo kazi gani ile?"

"Nabaosha. Nabapatia chakula. Bakikufa, nabavalisha."

"Na fiche ya mshahara inasema ngapi?"

Alikuwa ameiandaa. Aliamini karatasi ingesema kile ambacho mdomo wake haukuweza. Akaisogeza mbele ya simu, akaisoma: kabla ya makato deux mille huit cents, elfu mbili na mia nane, mkononi deux mille na kidogo. Euro elfu mbili. Akaanza kueleza kodi ya nyumba, bima, umeme, hela anazotuma nyumbani, lakini hakufika mbali. Upande ule mtu alipiga makofi. Mwingine akapiga kigelegele.

"Deux mille!" Kaka alikuwa amesimama. Alikuwa mwalimu, na mshahara wake wa mwezi haukufika mia tatu, tena ukija. "Deux mille juu ya kuosha bazee! Na ulikuwa unalia? Miaka yote unatuficha!"

"Yaya, sikia. Hapa deux mille si..."

"Profesa wa Lubumbashi hapate ile. Dada, we uko tajiri, haujue tu!"

Ndipo binti akasogea mbele. Alikuwa na uso wa shangazi yake kabisa. "Tantine, usiogope kwa ajili yangu. Nikikosa kazi ya mimea, ata mi nitaosha bazee. Si kitu."

Maman Ingénieur aliiweka chini karatasi ya mshahara. Nilimwangalia. Habari ya nyumba aliibeba, habari ya makofi pia aliibeba, lakini neno hilo la "si kitu" lilimpiga mahali pengine. Alimwuliza binti, kwa Kifaransa cha darasani, angefanya nini na shamba la muhogo lenye madoa ya manjano. Binti akajibu bila kusita, hatua kwa hatua: kung'oa, kupima, mbegu safi, nzi weupe wanaoeneza ugonjwa, umbali kati ya mashamba. Alijibu vizuri, macho yamewaka. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sitie sahihi," akasema. Akalaza simu kifudifudi.

Nilimuuliza kwa nini, ikiwa binti anajua hivyo.

"Juu anajua," alisema. "Kama angekuwa mujinga, ningetia sahihi. Mujinga angeosha bazee, angelala vizuri." Akachukua chungu mikononi mwangu. "Na nyumba, Mutanzania. Mama yangu eko mu ile nyumba."

Wiki zilizofuata ujumbe ulimwagika. Alisoma yote na hakufuta hata mmoja. Kaka aliandika kwamba dada yake alipanda kwa ngazi ya familia, sasa anaivuta juu. Shangazi mmoja, wa wale wanne wa likelemba, alisema roho yake imeoza kwa kukaa na vitu vya wafu. Mama yake hakuandika chochote, na hilo ndilo alilolitaja mara nyingi. Kanisani watu walimpa mkono kwa ncha za vidole. Aliendelea kupima maji kwa kikombe cha dawa.

Halafu miguu yangu ikaanza kuwasha, kama kawaida yake. Niliondoka bila kumuaga vizuri. Nilipakua meli, nikachuma pea, nikalala Liège, nikalala Charleroi. Ilipita miaka miwili na zaidi.

Nilirudi Brussels mwaka huu, na begi moja, nikienda popote patakaponipokea. Galerie niliingia kwa msusi yule yule kuuliza chumba. Alinipa anwani ya Forest, upande wa kile kiwanda cha magari kilichofungwa. "Kuko maman anapangisha. Lipa mbele, na usikaange samaki." Hakunitajia ni nani. Alikuwa na kichwa cha mteja mikononi, na nadhani alitaka nijionee mwenyewe.

Mlango ulifunguliwa na Maman Ingénieur. Alikuwa amekonda. Alinitazama viatu kwanza.

"Mutanzania. Bado unatembea?"

"Bado, mama."

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, kuta tupu. Mimea, aliniambia, aliigawa alipohama Evere. Hapa jua haliingii. Alinionyesha chumba cha mbele, kitanda na kabati. Yeye alilala kile kidogo cha nyuma. Nikamuuliza habari za Katuba, naye akanijibu akiwa amesimama, mkono kwenye kitasa.

Kaka alipata mdhamini mwingine, mtu wa mji mwingine anayetia sahihi kwa malipo. Nyumba ikauzwa. Nusu ikaenda kwa huyo mtu, nusu kwenye masomo. Mnunuzi hakutaka kukaa ndani, akawaacha kaka na mama yao kama wapangaji. Miezi mitatu kaka alilipa kwa kukopa. Wa nne hakuweza. Mnunuzi akatoa vitu vya mama nje, kitanda kikawekwa uani, na mama, mwenye miaka themanini na kitu, akakaa juu yake akisubiri. Ndipo mama alipompigia simu Maman Ingénieur kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile.

"Alisema nini?"

"Alisema mvua inakuja."

"Na binti wa kaka?"

"Eko hapa Ubelgiji. Hanisalimie. Mwaka wa kwanza alipata grande distinction." Alizitamka alama hizo za juu kwa kunyoosha mgongo, kama anayesoma matokeo yake mwenyewe ubaoni. "Mwaka huu njo wa mwisho. Magonjwa ya migomba."

"Atapata kazi?"

Nilisubiri avute kiti. Hakuvuta. Alifuta vumbi lisilokuwepo juu ya kabati.

"Chumba ni trois cent soixante," alisema, yaani euro mia tatu na sitini. "Kwa mwezi. Tarehe ishirini na nane, si tarehe moja."

Nikamwambia kwamba nimezunguka vya kutosha kujua bei. Nimepunguziwa vyumba vizuri kuliko hiki. Mia tatu na thelathini, nikasema. Kwa ajili ya zamani.

"Trois cents ni kodi ya nyumba ya Katuba, mama asitolewe tena. Cinquante ni dawa ya mama. Dix ni ya kutuma." Mia tatu, hamsini, kumi: alizihesabu kwa vidole, sauti haina hasira. "Uniambie kwenye nitapunguza."

Nilitoa noti kwenye soksi, nikazipanga kitandani. Alizihesabu mara mbili, akazikunja, akavaa koti. Duka la kutuma hela linafunga saa kumi na mbili, alisema, na leo ni tarehe ishirini na tisa. Nilimsikia akishuka ngazi kwa haraka, kisha mlango wa chini ukajibamiza. Nilibaki nimesimama katikati ya chumba changu kipya, begi bado begani. Alikuwa amesahau kunipa ufunguo.